Mzee wa Kadi za Vita na Mama Aliyevaa Koti Lake

Mzee wa kadi amefariki. Wengi wenu mlipata habari kabla yangu, kwenye kundi la simu la kanisa, pamoja na picha yake ya zamani iliyozungushiwa maua. Mimi niliipata kazini, Bloomington, huku ugenini, nikiwa nakunja mashuka ya hoteli. Dereva mgeni aliingia chumba cha kufulia akiwa ameshika funguo za lile basi dogo linalopeleka wageni uwanja wa ndege, nami nikajua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu funguo zile mzee hakuwa akimwachia mtu. Moyo wake ulikuwa umesimama akiwa usingizini, nyumbani kwake Burnsville. Niliendelea kukunja, maana mashuka ya hoteli hayajui msiba. Ukurasa wangu huu wa jarida umechelewa kidogo kwa sababu hiyo, na kwa sababu naandika polepole, kama mnavyonijua. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na sentensi moja huweza kunichukua njia nzima ya kwenda kazini. Lakini juu ya mtu huyu nisingeharakisha hata kama ningeweza.

Hakuwa ndugu yangu, wala rafiki wa kutembeleana. Alikuwa mtu aliyenipa lifti. Nyumba zetu zilikuwa jirani na zamu zetu zilianza pamoja, basi asubuhi alinipitia na gari lake, na kwa kuwa mimi si msemaji, alisema yeye. Alikuwa Mngoni wa Songea, mkubwa wa mwili, mwenye kutembea huku ametanguliza tumbo na mikono ameifunga nyuma kama mkaguzi wa barabara. Jumamosi alikwenda Anoka, ule mji mkongwe wa mtoni, kwenye maduka ya vitu vya kale ambako mali za waliokufa huuzwa kwa wanaoishi. Alipita saa za ukutani, akapita viti vya kifahari, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha postikadi ambacho wengine hawakijali. Hakutaka picha za maziwa wala za makanisa. Alitafuta kadi za vichekesho za wakati wa vita, zile zilizochapishwa enzi za vita vikubwa vya Wazungu, ambazo vijana wa jeshi walizinunua kambini kwa senti chache na kuwatumia mama zao.

Aliziweka ndani ya gari, na tukifika mapema alinionyesha. Nakumbuka moja ya askari mwembamba, kofia yake ya chuma imemfunika mpaka puani, amekaa mbele ya mlima wa viazi mrefu kuliko kanisa, na mkononi ana kisu kidogo cha kumenyea. Nyingine ilikuwa ya sajini aliyefungua kinywa kwa kufoka, na ndege wawili wamejenga kiota ndani yake. Nyingine ilikuwa ya kijana aliyepokea sweta kutoka kwa bibi yake, mikono ya sweta ikiburuta chini na mbwa wa kambi amelala juu ya mmojawapo. Rangi za kadi hizo zilikuwa nyekundu na njano za bei rahisi, nazo zilivuka mistari, hivi kwamba pua ya mtu mmoja ilitia wekundu kwenye shavu la mwenzake. Mchoraji mara nyingi hakuandika jina, au aliandika herufi mbili tu pembeni, ndogo kama chawa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kucheka haraka. Mzee aliniambia, "Geuza kwanza. Kadi inaanzia mgongoni." Nyuma palikuwa na maneno machache ya penseli, naye alinitafsiria. Mimi mzima. Chakula si kibaya. Nisalimieni wote. Niligeuza tena mbele, nikaona askari aliyezama kwenye matope mpaka kidevuni, anatabasamu, na chura amekaa juu ya kofia yake. "Umeona?" akasema. "Nyuma anamdanganya mama. Mbele anamwambia kweli. Angeandika kwamba amezama matopeni, mama asingelala. Anamtumia chura, mama anacheka, na moyoni ameshaelewa." Tangu siku hiyo sikuziita tena kadi za kitoto. Kijana yule hakuwa na maneno mengi, pengine shule yake ilikuwa kama yangu, lakini alisimama mbele ya rafu ya duka la kambi akachagua kadi moja kati ya nyingi. Kuchagua ndiko kulikuwa kuandika kwake.

Nimefikiri sana juu ya wachoraji hao. Wataalamu wana majumba yao ya sanaa pale Minneapolis, yenye kuta nyeupe na walinzi wanaokuangalia mikono, nami nimeingia mara moja na sikuona hata kadi moja ya namna hii. Sishangai. Kazi hii haikutengenezwa ili itundikwe. Ilitengenezwa ili ibanwe kwenye kioo cha kabati, ichafuke na vidole vya watoto, ipite kwa jirani na isirudi. Sisi tunaijua sanaa ya namna hiyo. Ni ndugu wa kanga, ambayo nayo huchaguliwa dukani ili iseme kile ambacho mke hawezi kumwambia wifi yake usoni. Ni ndugu wa kichwa kilichochorwa ukutani mwa kinyozi, sikio moja kubwa kuliko jingine, na wa simba aliyechorwa nyuma ya lori na mtu ambaye hajawahi kumwona simba. Anayesema hiyo si sanaa na aniambie ni mchoro gani mwingine uliobebwa na watu wengi hivyo karibu na moyo, mfukoni mwa shati. Mimi naamini, na nasema bila kusita, kwamba mchoro unaomfikia mama wa askari ukamfanya acheke jikoni kwake umefanya kazi ngumu kuliko mchoro unaomfanya tajiri akae kimya.

Wala mzee hakununua kila kilichochekesha. Siku moja nilikwenda naye Anoka, nikavuta kutoka kisandukuni kadi yenye mtu mweusi, midomo imechorwa kama soseji mbili, anakimbia mzinga wa vita. Karibu yake palikuwa na nyingine ya adui mwenye meno ya panya. Nilimwonyesha nikidhani atazitaka, kwa kuwa zilikuwa za vita na za vichekesho. Alizirudisha kisandukuni. "Huu si utani," alisema. "Mtani lazima aweze kukujibu. Huyu amefungwa mdomo, halafu anachekwa." Mwenye duka, mzungu mmoja mpole aliyekuwa akipangusa vikombe, alituuliza kama tumepata kitu. Mzee akamwambia, kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno, kwamba amepata viwili vya kuchoma moto. Yule mtu alizitazama zile kadi, akaziondoa kisandukuni, akazitia kwenye droo. Sijui alizifanya nini baadaye.

Baadhi yenu mtakumbuka siku alipozitandaza kadi zake kwenye meza ya chai, ukumbini, baada ya ibada. Watoto walizizunguka. Kisha akaja mama mmoja wa kwetu, wa Fizi, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, ambaye nyote mnamheshimu, akasimama mikono kiunoni. "Papa," akamwambia, "weye unacheka vita? Siye tulikimbia na watoto mugongoni. Vita uliiona wapi, weye?" Mimi nilitamani kuwa chini ya meza. Mzee aliinuka akampisha kiti chake. "Kagera, mama," alisema. "Nilikuwa askari, kijana kuliko huyu anayetaka kujificha hapa. Na mimi nilikimbia, tena sana. Kaa, chagua moja." Mama hakutaka kukaa, lakini macho yake yalishuka mezani. Alitazama kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya kadi ya askari anayekimbia chini ya risasi huku amebeba kabati la nguo mgongoni, milango imefunguka na soksi zinapepea.

"Huyu ni bwana yangu," akasema.

"Alibeba kabati?" mzee akamwuliza.

"Alibeba mulango. Tulikimbia usiku, mimi nabeba watoto, yeye anangʼoa mulango ya nyumba. Nikamuuliza, na nyumba je? Akasema, nyumba ni udongo tu, mulango ndiyo ya bei." Akaanza kucheka, akakaa, akaendelea kucheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tulifika na ile mulango mpaka ziwani. Tuliilalia." Bwana huyo hakuvuka ziwa pamoja nao, wengi mnaijua habari yake. Sijawahi kumsikia mama yule akimtaja kabla ya siku hiyo, na sasa humtaja mara kwa mara, na akimtaja humtaja na mlango wake.

Sasa nifike kwenye jambo la mazishi, ambalo limesemwa sana na kila mtu kwa namna yake. Nililiona, nilikuwa nimekaa karibu na mlango.

Kwa wasiojua, Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zao walipigana vita vikali, na vita vilipokwisha wajukuu wakaachiwa ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, na wajibu wa kusaidiana bila kuombana. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayekuja kufanya yale ambayo wafiwa hawawezi. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, humsema hadharani kasoro zake, mpaka waliolia wacheke. Mtu asiye na mtani msibani huzikwa kama mgeni. Mzee alikuwa na Mhehe mmoja tu huku, mama anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia huko kwetu Burnsville. Wakikutana kwenye maegesho ya kanisa ilikuwa vita.

"Mngoni, theluji imeanza, bado hujakimbia?"

"Nitakimbilia wapi na Wahehe wamejaa kila kona?"

"Niko peke yangu."

"Kwa namna unavyokula, nilidhani mko kumi."

Siku moja tukiwa njiani mzee aliniambia jambo ambalo hakulisema kwa mzaha. "Nikifa huku, Wakenya wa kanisa letu wataniombea vizuri sana. Wanajua kuomba, na wanajua kupanga. Lakini nani atanicheka? Nisipochekwa sitakuwa nimezikwa, nitakuwa nimehifadhiwa." Nikamwuliza kama binti yake anajua. Taa ya barabarani ilibadilika, akaondoa gari. Binti yake amezaliwa hapa; Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. "Nimejaribu," alisema. "Kwa Kiingereza inatoka kama nataka nitukanwe."

Basi akafa kabla ya kumwambia. Yule mama Mhehe alikwenda kwa binti akamwomba koti la baridi la marehemu na kofia yake. Binti alidhani vinakwenda kwa wahitaji, akampa ndani ya mfuko wa plastiki na akamshukuru. Siku ya ibada kila kitu kilikuwa kimepangwa. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Mkenya, mtu mwema ambaye amewazika wengi wetu kwa heshima, alikuwa na programu iliyochapishwa, yenye rangi, na kila msemaji na dakika zake. Jeneza lilikuwa mbele. Kwaya ilikuwa imemaliza. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka akaingia mzee wa kadi.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo macho yangu yalivyoona kwanza. Koti lake, kofia yake imeshuka mpaka masikioni, mikono nyuma, tumbo mbele. Alikuwa amejaza mto tumboni. Alitembea katikati ya viti akikagua watu kama mtu anayekagua barabara, akasimama kwa mwanaume mmoja akamtazama viatu, akatikisa kichwa, akaendelea. Halafu akasema kwa sauti nzito, "Nani amewaita hapa? Mimi nimelala kidogo tu, mmeshapika." Watanzania wachache waliokuwapo waliangua kicheko, kisha wakakikata, kwa sababu hakuna mwingine aliyecheka. Mtoto mmoja alilia. Mwenyekiti aliinuka na programu yake mkononi, akawaita wahudumu wawili wa mlangoni. "Huyu mama hayuko kwa programu," aliwaambia kwa upole. "Uchungu umemzidi. Mtoeni polepole, mumpatie maji." Na kweli wakamtoa, mmoja kila upande, wakimwambia pole mama, pole sana.

Hakubishana. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza. Mtani haelezi utani wake, kama mchoraji asivyoandika chini ya kadi kwamba hapa mcheke. Walimkalisha kwenye benchi la ukumbi wa kuingilia, mto umemshuka mpaka magotini, na glasi ya maji mkononi. Binti wa marehemu alitoka nyuma yao karibu akikimbia. Alikuwa na hasira ambayo ilikuwa halali yake.

"Kwa nini amevaa koti la baba?" aliniuliza kwa Kiingereza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

Mimi huwa sina maneno, na ya Kiingereza ni machache zaidi. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Ndiyo kazi yake. Baba yako aliitaka."

"Aliitaka nini? Achekwe mbele ya jeneza lake?"

"Ndiyo. Alisema asipochekwa hajazikwa. Babu zao walipigana. Huyu ndiye pekee mwenye ruhusa." Nikaona haijatosha. "Zile kadi zake za vita. Huyu ni moja."

Alimtazama yule mama. Sijui aliona nini. Mama alikuwa bado ameketi kama marehemu, magoti wazi, kidevu juu, kwa sababu mtu akishaingia kwenye kazi hiyo hatoki mpaka amalize. Mwenyekiti naye alitoka, akasema watu wa makaburini wanangoja, ardhi imeganda, hawawezi kushikilia mashine ya kuchimbia. Alisema kwa huruma. Alisema pia kwamba jambo kama hilo lingeweza kufanyika nyumbani, baadaye, kwa faragha.

"Baadaye atakuwa ameshazikwa," nilisema. Nilishangaa kusikia kwamba ni mimi.

Binti aliinama, akaurudisha mto tumboni kwa yule mama, akafunga kifungo cha koti juu yake. "Arudi," akamwambia mwenyekiti.

"Lakini programu..."

"Mwandike."

Waliingia pamoja, binti amemshika mkono kama mtu anayemrudisha mzazi wake ndani. Sasa watu walielewa kwamba wameruhusiwa. Mama yule alitembea mpaka kwenye jeneza, akaligonga kwa vifundo vya vidole. "Mngoni, toka. Umejificha humo kwa sababu umesikia Mhehe anakuja. Babu yako alikimbilia msituni, wewe umekimbilia sandukuni." Alimsema kwa kuendesha gari polepole mpaka wageni wa hoteli wanaachwa na ndege. Alimsema kwa kuweka pilipili kwenye chai. Alimsema kwa kununua makaratasi ya zamani huku soksi zake zina matundu. Wakenya walicheka, wa kwetu wakacheka, mwenyekiti alicheka akiwa ameziba uso kwa programu. Kisha mama akamgeukia binti, na kwa sauti ile ile nzito, bila kutabasamu, akamwuliza swali ambalo marehemu alimwuliza kila alipompigia simu, hata akiwa na haraka, hata wakiwa wamekosana: "Mwanangu, umekula?"

Binti alisimama mbele yetu wote. Katika utani mtu lazima ajibiwe, na marehemu hana kinywa. Anayebaki ndiye wa kumjibia. Mimi nilidhani atalia, akalia. Lakini kabla ya kulia alijibu, kwa Kiswahili, Kiswahili cha mtoto mdogo kwa sababu ndicho alichoachiwa: "Bado, baba. Nakungoja wewe." Yule mama ndipo akavua kofia. Mazishi yalichelewa kidogo, na wale watu wa mashine, ambao tuliwaogopa sana, walikuwa wamekaa kwenye gari lao lenye joto wakinywa kahawa, wala hawakusema neno.

Nimesikia baadhi yenu mkisema halikuwa jambo la kanisani. Nawaheshimu, ila mimi nimeshaamua. Tumetoka kwenye vita, wengi wetu, na huku tumejifunza kuhuzunika kwa utaratibu, na utaratibu ni mzuri, kwa kuwa bila huo tungezikwa vibaya. Lakini sala humwombea mtu yeyote, na wasifu uliochapishwa humfaa mtu yeyote. Badili jina, ungemfaa jirani. Kicheko humfaa mwenyewe tu. Huwezi kumchora mtu tumbo, mwendo na pilipili kwenye chai kama hukumtazama kwa miaka, na huwezi kumtazama hivyo kama humpendi. Vijana wale wa matopeni walilijua hilo, na wachoraji wao wasio na majina walilijua. Yule aliyekucheka vizuri amekuona. Kwa hiyo, msomaji wangu, unapopanga mambo yako ya mwisho, ukishampata wa kukuombea na wa kulipa ukumbi, mtafute pia wa kukucheka, na mwambie mwanao mapema yeye ni nani, kwa lugha yoyote mliyo nayo, hata kama inatoka vibaya.